Huingia na Wenzake, Hutoka na Wenzake



Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na sahaba zake wote. Ama baad.

Wasomaji wetu watukufu, mama zetu, dada zetu na wazazi wenzetu, wiki hii tumeazimia kuzungumza juu ya mihadarati na watoto wetu walioko shuleni na madrasani. Twajua ya kuwa jambo hili limesemwa sana. Limesemwa juu ya mimbari, limesemwa katika mabaraza ya machifu, limesemwa shuleni siku za wazazi. Lakini katika kusema kwetu kote huko, mara nyingi tumewazungumzia vijana pasi na kuzungumza nao, na tumewaona kuwa ni watu wa kulindwa tu, wala si watu wawezao kulindana. Hilo ndilo tunalotaka kulitazama leo: namna wanafunzi wenyewe wanavyoweza kushikana mikono kulizuia balaa hili, na yatupasayo sisi watu wazima ili mikono hiyo isiachane.

Mlango wake ni rafiki

Ukimwuliza kijana aliyezama katika mihadarati jinsi alivyoanza, ni nadra kukutajia mtu mgeni. Atakutajia mwenzake wa dawati moja, au binamu yake, au jirani waliyekuwa wakicheza naye mpira ufuoni. Hakuvutwa na adui. Alikaribishwa na rafiki. Sigara ilipita mkono hadi mkono nyuma ya ukuta. Muguka ulitolewa mfukoni pamoja na njugu na chingamu, ukatafunwa kwa mzaha usiku wa kudurusu mtihani. Msokoto wa bangi uliletwa katika matembezi ya likizo. Katika kila hatua palikuwa na sauti moja ya upole ikimwambia, "Onja tu, sote tumo."

Sisi watu wa Pwani hatuhitaji kuhadithiwa mwisho wa njia hiyo. Unga umekuwa ukiingia katika miji yetu tangu miaka ya 1980. Kituo cha Omari Project cha kuwasaidia waraibu kilianzishwa Malindi mwaka 1995, na mwaka 2015 hospitali ya serikali ya Malindi ikaanza kutoa dawa ya methadoni kwa walionaswa na heroini. Watoto waliozaliwa mwaka kilipoanzishwa kituo kile leo ni watu wazima wenye watoto wao, na bado tatizo tunalo.

Wala jambo hili si la Pwani pekee. Utafiti wa kitaifa wa NACADA wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa katika kila Wakenya 6 wa umri wa miaka 15 hadi 65, mmoja anatumia angalau aina moja ya kileo au mihadarati. Tunawaomba wasomaji wetu waiweke hesabu hii akilini, maana tutairudia kwa jicho jingine.

Serikali zetu zimejaribu kufunga milango. Shisha ilipigwa marufuku nchini mwezi wa Disemba 2017. Mwezi wa Mei 2024, Gavana wa Mombasa alipiga marufuku uingizaji na uuzaji wa muguka katika kaunti yake, na magavana wa Kilifi na Taita Taveta wakamfuata. Haukupita muda Mahakama Kuu ya Embu ikayasimamisha maagizo hayo. Hatuandiki haya kuwalaumu mahakimu wala wakulima. Tunataka tu ieleweke kuwa amri hutolewa na amri husimamishwa, na mtoto hawezi kungoja kesi iishe ndipo akingwe. Ahadi waliyowekeana vijana wenyewe kwa wenyewe haisimamishwi na mahakama yoyote.

Siku pombe ilipomwagwa Madina

Katika hadithi sahihi zilizopokewa na Imam Bukhari na Imam Muslim kuna kisa cha Anas bin Malik (R.A.) ambacho tungependa kila mwanafunzi akijue. Anas alikuwa akiwamiminia watu pombe ya tende nyumbani kwa Abu Talha, aliyekuwa mume wa mamake, Ummu Sulaym. Miongoni mwa waliokuwapo katika kikao hicho ni Abu Ubayda na Ubayy bin Ka'b (R.A.), na Anas ndiye aliyekuwa mdogo wao. Wakiwa katika hali hiyo akaja mtu akawapa habari kuwa pombe imeharamishwa. Abu Talha akamwamuru Anas ainuke aimwage, naye akaimwaga, na pombe ikatiririka katika vichochoro vya Madina.

Kisa hiki husimuliwa kuonyesha utiifu wa masahaba, na hivyo ndivyo kilivyo. Lakini ndani yake mna jambo jingine. Walikuwa jamaa moja, katika kikao kimoja, na waliacha kwa pamoja saa ile ile. Hakubaki mmoja akiulizwa na wenzake, "Wewe umekuwa sheikh lini?" Hakuna aliyelazimika kuchagua baina ya dini yake na marafiki zake, kwa kuwa marafiki zake walikuwa naye katika kuacha kama walivyokuwa naye katika kunywa. Na mkono ulioshika chombo kile, ukamimina na kisha ukamwaga, ulikuwa mkono wa kijana.

Hapo ndipo ilipo nasaha yetu ya leo. Kijana huingia katika maasi haya na wenzake, na akitaka kusimama imara au kutoka, hana budi apate wenzake wa kusimama nao. Tukimwambia akatae peke yake, tumemtwisha mtoto wa miaka 14 mzigo ambao hata mtu mzima huuona mzito. Akiwa na wawili au watatu waliokubaliana kabla, mzigo ni ule ule lakini mabega yameongezeka. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Suratul Maida tusaidiane katika wema na ucha Mungu, na katika sura hiyo hiyo akaja kuharamisha ulevi. Hatudhani ni muhali kuwa amri ya kusaidiana na katazo la ulevi vimekaa katika sura moja.

Yaliyofanywa na wanafunzi wa Wayland

Hekima huchukuliwa popote inapopatikana. Mwaka 1981, katika mji mdogo wa Wayland, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, mwalimu mmoja aitwaye Robert Anastas, aliyekuwa pia mkufunzi wa mchezo, alipoteza vijana wawili wa timu yake katika ajali mbili za magari zilizohusiana na pombe, ndani ya siku chache. Wanafunzi wake hawakutosheka na kulia. Walikaa naye wakaanzisha chama chao cha kupinga kuendesha gari kwa ulevi, kikajulikana kwa jina la SADD, na baadaye kikaenea katika shule nyingi za nchi ile.

Msingi wa kazi yao ulikuwa mkataba wa karatasi moja baina ya mtoto na mzazi wake. Mtoto aliahidi kuwa akijikuta mahali penye pombe, na hana njia salama ya kurudi nyumbani, atampigia mzazi wake simu saa yoyote. Mzazi naye aliahidi kwenda kumchukua bila ya ugomvi usiku ule. Mazungumzo yangengoja mpaka wote wawili watulie.

Twajua kuna wazazi watakaouliza: je, kuahidi hivyo si kumpa mtoto ruhusa? Sivyo. Haramu ni haramu, na mtoto wetu aambiwe hivyo waziwazi. Lakini kumwambia kuwa jambo ni haramu ni kitu kimoja, na kumfungia mlango wa kurudi ni kitu kingine. Mola wetu ameliharamisha dhambi na papo hapo ameuacha mlango wa toba wazi usiku na mchana. Sisi ni nani hata tuufunge mlango wa nyumba kwa mtoto wa miaka 15 anayetaka kukimbia mahali pa haramu?

Je, kumsema mwenzako si usengenyi?

Sasa tuingie katika fundo la jambo lenyewe. Wanafunzi wengi wanajua nani ameanza. Wanajua kabla ya mwalimu, na mara nyingi kabla ya mama mzazi. Wananyamaza. Wengine huogopa kuitwa wambeya, lakini wako wanaonyamaza kwa sababu ya dini: wamefundishwa chuoni kuwa kusengenya ni kama kula nyama ya ndugu yako, na kuwa mwenye kumsitiri Muislamu mwenzake Mwenyezi Mungu humsitiri yeye. Hayo yote ni kweli, na ni sisi tuliowafundisha. Basi ni wajibu wetu kuwafundisha na sehemu iliyobaki.

Imam An-Nawawi (R.A.), katika Riyadhus Swalihin, ameeleza mambo 6 ambayo kwayo kumtaja mtu kwa asilolipenda kunaruhusiwa. Mojawapo ni kutaka msaada wa kuondoa munkari na kumrejesha mkosaji katika njia iliyo sawa, kwa kumweleza mtu mwenye uwezo wa kulifanya hilo. Jingine ni kuwatahadharisha watu na shari. Mizani iko katika nia na katika kiasi. Mwanafunzi anayemnong'oneza maalim wake, "Fulani ameanza kutumia tembe, nakuomba umsaidie," hakusengenya. Yule anayeitangaza habari hiyo hiyo darasani, au kuituma katika kundi la WhatsApp watu wacheke, amesengenya na amemwangamiza mwenzake, hata kama kila neno alilolisema ni kweli.

Sitara ni kumfunika ndugu yako asiaibike mbele ya watu. Kumfunika mpaka akakosa pumzi si sitara. Mtume (S.A.W.) aliwaambia masahaba wamnusuru ndugu yao akiwa amedhulumiwa na hata akiwa yeye ndiye dhalimu, walipouliza watamnusuru vipi dhalimu, akawaeleza kuwa ni kwa kumzuia asidhulumu. Kijana anayejiangamiza anaidhulumu nafsi yake. Rafiki wa kweli humshika mkono, na mkono wake ukiwa mfupi, humwita mwenye mkono mrefu.

Wanafunzi wafanye nini

Kwanza, waanze wachache, wawili, watatu au watano, darasani, madrasani au mtaani, wavulana kwa wavulana wakiwa na maalim wao, na wasichana kwa wasichana wakiwa na maalima wao. Wasiwe wale wapole tu wa safu ya mbele. Kijana mmoja anayependwa na wenzake kwa mpira au kwa ucheshi ana sauti inayofika mbali kuliko hotuba zetu. Ila tutahadhari tusiwakusanye pamoja wale tu ambao tayari wameteleza, kwani hao wakiwekwa peke yao hufundishana zaidi. Wachanganywe na walio imara.

Pili, wajizoeze kukataa. Neno "hapana" lina ufundi wake. Kijana asiyepata kulitamka halitamtoka siku ya siku. Wakae waigize: mmoja ajifanye anatoa sigara, mwingine ajibu, mpaka jibu liwe jepesi mdomoni. "Mimi simo, twende zetu." "Nina mazoezi kesho." Na wakubaliane ishara baina yao, kwamba mmoja akitaka kuondoka mahali, wote huondoka naye bila ya kumhoji.

Tatu, wazilinde saa za hatari. Shari haina ratiba, lakini hupenda nafasi tupu: baina ya Alasiri na Magharibi, usiku baada ya tarawehe, na likizo za Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka. Katika saa hizo vijana waliokubaliana wawe na jambo lao, iwe mpira, kuogelea, halaka ya Qur'ani, kufundisha wadogo zao au kusafisha msikiti. Kijana akiambiwa "usikae pale" huuliza, na ana haki ya kuuliza, "Basi nikae wapi?"

Nne, waambiane ukweli bila ya kutiana hofu za uongo. Mwongozo wa kimataifa wa kinga uliotolewa na shirika la Umoja wa Mataifa la UNODC pamoja na Shirika la Afya Duniani mwaka 2018 unaeleza kuwa kuwahutubia vijana tu, na kuwatisha, hakuna matokeo mema. Kunakofaa ni mazungumzo na mazoezi ya stadi za maisha. Kijana aliyeambiwa kuwa pumzi moja ya bangi itamfanya mwendawazimu siku hiyo hiyo, akamwona mwenzake amevuta na yu mzima, hatatuamini tena hata tutakapomwambia yaliyo kweli. Na yaliyo kweli yanatosha: ubongo wa binadamu huendelea kukua mpaka miaka ya ishirini na kitu, na kinachoingia humo mapema huacha alama ambayo huenda isifutike.

Na hapa ndipo tunapoirudia ile hesabu. Kijana anayeshawishiwa huambiwa, "Kila mtu anatumia." Ni uongo. Mmoja kati ya 6 ni msiba, lakini maana yake ni kuwa watano hawatumii. Walio salama ndio wengi, ila wamekaa kimya, na wachache wana kelele. Kazi ya kikundi cha wanafunzi ni kuwafanya hao wengi wajuane.

Tano, wasiwafuate wauzaji. Kupambana na wauza unga si kazi ya watoto, na ni hatari kwa maisha yao. Wakijua jambo wamweleze mzazi au mwalimu, na watu wazima ndio wachukue hatua.

Na sisi watu wazima

Yote haya yataporomoka ikiwa mtoto atakuja kusema na sisi tukamfanya ajute kusema. Mama yetu mpenzi, siku mwanao atakapokuambia, "Mama, rafiki yangu anavuta," neno lako la kwanza ndilo litakaloamua iwapo utaambiwa la pili. Ukipiga kelele, ukampigia simu mama wa mwenziwe kwa hasira, ukayatoa barazani kwa jirani, umejifunza habari moja na umepoteza zote zilizobaki. Mwambie ahsante. Mwulize ana hofu gani. Kisha mwende pamoja kwa mtu mwenye hekima. Na mama za marafiki wajuane kabla ya msiba: ikiwa watoto wanakaa pamoja kila siku na wazazi wao hawajuani hata kwa majina, pana ufa hapo.

Baba naye ajitazame. Hatuwezi kumtuma mtoto kibandani atununulie sigara, kisha jioni tukamsomea madhara yake. Hatuwezi kuzijaza kumbi za wanaume miraa na muguka katika harusi zetu, vijana wakihudumu na kutazama, kisha tukashangaa kuwa wameona ndio uanaume. Mtoto huyaamini macho yake kabla ya masikio yake.

Madrasa na misikiti nayo isiwe ya kwanza kufukuza. Mtu mmoja aliletwa kwa Mtume (S.A.W.) mara kwa mara kwa sababu ya kunywa pombe, akaadhibiwa. Mmoja wa waliokuwapo alipomlaani, Mtume (S.A.W.) alimkataza, akashuhudia kuwa mtu yule anampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Adhabu ilikuwapo, lakini hakutolewa katika jamaa. Tukimtoa kijana katika safu ya swala kwa aibu, iko safu nyingine inayomngoja, na hiyo haimwulizi alikotoka.

Na aliyekwisha kunaswa ni mgonjwa anayehitaji matibabu. Nasaha na dua ni ngao, lakini haziondoi haja ya daktari. Kumfungia chumbani au kumfunga kamba mtu aliyezoea heroini si tiba. NACADA ina simu isiyotozwa malipo, nambari 1192, na kwa mambo ya watoto iko nambari 116. Mficha maradhi kifo humuumbua, na wako waliofichwa na jamaa zao kwa kuchunga heshima mpaka siku ya kuoshwa.

Mtume wetu (S.A.W.) alitupigia mfano wa watu waliogawana jahazi, wengine juu na wengine chini. Wa chini, kila walipotaka maji, iliwabidi wapite kwa wa juu, wakaona heri watoboe tundu katika sehemu yao wasiwaudhi wenzao. Wakiachwa wafanye watakalo, wataangamia wote. Wakishikwa mikono, wataokoka wote. Sisi tuliozaliwa na bahari hatuhitaji kufasiriwa mfano huu. Ila tukumbuke kuwa mara nyingi anayeliona tundu kwanza ni yule aliyekaa karibu nalo, na katika jahazi letu aliyekaa karibu ni mwanafunzi. Tumsikilize anapoita.

Basi tunawausia, wazazi wenzetu, wiki hii isipite kabla hamjakaa na wanenu mkawauliza majina ya marafiki zao watatu, mkawaalika hao watatu nyumbani kwa chakula. Si kwa kuwapeleleza, bali mpate kujuana nao. Na mkiona wamekubaliana jambo la kheri, wapeni mahali pa kukutania, wapeni muda, na wapeni imani yenu.

Ewe Mola wetu, wahifadhi vijana wetu, uwape marafiki wema, uwarejeshe waliopotea, uwaponye walio wagonjwa, na uzitie subira nyoyo za mama zao. Aamin.

Wabillahi tawfiq.